Mwenye kifua akipanda gari avae barakoa, au kila mtu na lake? Tujadilini

Asalaam alaykum jamani. Suala langu dogo tu na naomba tujibizane bila ya matusi, mtu mwenye kifua au mafua makali akipanda gari ya abiria alazimike kuvaa barakoa au tuseme kila mtu na lake? Mie nasema alazimike. Yeye mgonjwa, si gari zima.

Kisa chenyewe hichi. Juzi nilikuwa na kifua, kile cha kukohoa mpaka mbavu zinauma, na nyumbani nna mama ana pumu kwa hiyo kujiziba nishazoea. Nikapanda 502 narudi Bububu na barakoa yangu ya bluu, konda kuniona tu, "Dada, korona ishaondoka zamani hiyo!" Gari zima kicheko. Dada nilokaa nae akajivuta na mkoba wake mpaka dirishani. Sasa nyuma yangu kuna bwana anakohoa wazi wazi, kifua kinalia kama kina maji, kila akikohoa nasikia upepo wa moto shingoni juu ya mtandio. Hakuna alomwambia kitu, hata wa kugeuka hakuna. Yaani alojiziba ndo mgonjwa, anaewamwagia wenzake ndo mzima!

Na msinambie ninja (nikabu) inatosha, maana nusu ya wanawake mule walikuwa wamevaa ninja na wao pia walicheka. Kile kitambaa chepesi, kinaning'inia, chini kuko wazi, pumzi inatoka itakavyo. Barakoa faida yake kubwa ni kuyazuia yale matone pale yanapotoka kwa mgonjwa, ndo maana hospitali mwenye TB anavalishwa yeye.

Najua kuna watakaosema maradhi yanatoka kwa Mungu. Nani kakataa? Lakini Mtume (S.A.W) ndo alotufundisha tauni ikiwa kwenye mji tusiingie, na ikitukuta ndani tusitoke. Na alokula kitunguu thomu kaambiwa asiukaribie msikiti, harufu tu hiyo jamani, haiuwi mtu! Kikohozi je? Makka kwenyewe safu ziliachanishwa kwa ajili ya korona mpaka Oktoba 2021 ndo watu wakarudi kusali bega kwa bega, na hakuna alosema wale wamepungukiwa imani.

Sie tumesahau haraka mno. Machi 2020 kilipotangazwa kisa cha mwanzo hapa Zanzibar, mtaani kwetu kila mlango wa duka una ndoo na sabuni. Baadae takwimu zikaacha kutolewa na ndoo zikarudi kufulia. Mpaka Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar wakati ule, alipolazwa, chama chake kikasema wazi kuwa ana korona, na Februari 17, 2021 akafariki Muhimbili. Wiki ile nliwaona kwa macho yangu watu walokuwa wakitucheka wanaulizia barakoa madukani.

Masafa siyagusi sana. Mita moja utaipata wapi ndani ya gari, kiti cha watu watatu mmekaa wanne na konda anasema "sogeeni kidogo"? Ila dirisha lifunguliwe, hilo halina gharama. Zile gari za mbao tulizokuwa tukizidharau zilikuwa wazi pembeni, upepo unapita moja kwa moja. Hizi za kisasa vioo vimefungwa, pazia limeshushwa, mziki juu, sote tunavuta pumzi ile ile kutoka mjini mpaka shamba.

Pahala ninapokwama ni nani atamlazimisha huyo mgonjwa. Konda hakatai nauli ya mtu hata siku moja, na polisi sitaki kabisa waingie, tutaishia kutozwa kila kituo. Labda gari iwe na boksi la barakoa pale mbele, akohoaye apewe. Nani atalinunua boksi, semeni nyie.

Nyongeza: kuna mmoja kaniuliza asokuwa na pesa je. Ajizibe kwa kanga ilokunjwa au akohoe kwenye kiwiko, si kama barakoa lakini si sawa na kutupulizia shingoni. Na mlouliza hali ya mama, hajambo, ile dawa yake ya kuvuta anayo ila usiku bado anakohoa. Sijui kikohozi kakipata kwangu au kwa yule bwana wa kiti cha nyuma kupitia kwangu.