Naomba ushauri: maua ya porini msitu wa Pugu, niende lini?

Habarini wapendwa. Naishi Gongo la Mboto, na mama yangu anakuja kutoka Singida mwezi wa tano. Anapenda maua mno. Kitulo ningetamani sana aione, si bure wakaiita Bustani ya Mungu, ila safari ya basi mpaka kule hataiweza. Nimefikiria msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe, tutembee taratibu masika yakiwa yanaishia.

Mwaka jana niliona ua moja pale sijalisahau: mmea unatambaa, ncha za majani zinajisokota kwenye matawi, petali nyekundu zenye kingo za njano zimekunjamana kuelekea juu kama ndimi za moto. Niliambiwa ni Gloriosa superba, na mmea wote una sumu, hasa viazi vyake vya chini. Nitakuwa na mwanangu wa miaka minne, na yeye hushika kila kitu.

Aliyepita huko mwishoni mwa Mei anisaidie: maua huwa bado yapo? Njia ipi haina mteremko mkali, maana mama magoti yanamsumbua? Na tope je, raba zinatosha au tubebe gambuti?