Nimeuziwa dai (vyuma vya kujazia risasi) za 9.3x62 badala ya 9.3x57, eti "ni kitu kilekile". Nimechoka na hawa watu!

Wakuu salaam. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye vichekesho, maana mwenzenu sicheki.

Niko Texas, mwaka wa tisa huu. Risasi zangu za kuwindia nguruwe pori najaza mwenyewe gereji kwangu, jambo ambalo huku ni halali na la kawaida tu. Walio nyumbani, sheria za huko ni nyingine kabisa, msinifuate. Miaka miwili iliyopita nilinunua Husqvarna ya zamani, bunduki ya Kiswidi, kaliba 9.3x57. Bei ilikuwa ya kutupa. Nilipomuuliza mwenye nayo mbona rahisi hivi, akacheka tu. Leo ndiyo nimejua alichokuwa anakicheka.

Risasi za dukani za kaliba hii ni adimu kama wali wa daku. Kwa hiyo unaokota maganda yako, unayarudisha kwenye kipimo, unatia fataki mpya (kile kiwashio cha kitakoni) na baruti, unakalisha kichwa, yaani ile risasi yenyewe inayoruka. Kazi hiyo inategemea dai: silinda ya chuma kigumu unayoifunga kwenye presi (mashine ya mkono ya kukandamiza), na ndani yake imechongwa umbo la ganda lako. La ganda LAKO, si la jirani. Ugomvi wote uko hapo.

Duka la mtandaoni (jina nalihifadhi) liliandika kwenye tangazo "9.3x57/62". Nikajiuliza kidogo, nikajijibu labda wamebuni kitu. Nikalipa. Boksi limefika, nageuza dai, chuma kimechongwa 9.3x62. Napiga simu, kijana ananijibu kwa upole wa kuudhi kwamba zote ni 9.3, kwa hiyo hakuna shida, nikaze tu presi.

Nikaze tu presi! Jamani.

Kichwa cha risasi ni kweli ni kilekile, hiyo 9.3 ni unene wake kwa milimita, yaani inchi 0.366. Lakini namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Ganda la 62 limezidi kwa milimita 5, na bega lake liko juu zaidi. Ukisukuma ganda la 57 kwenye dai ya 62, sehemu kubwa ya shingo yake inabaki mahali ambapo dai ni pana, haiguswi na kitu. Nilipitisha moja makusudi ili nimpigie picha. Lilitoka na sehemu kubwa ya shingo pana vilevile kama lilivyotoka kwenye bunduki, kichwa hakishikwi inavyotakiwa. Dai ya pili, ile ya kukalisha kichwa, ningeweza kuibabaisha kwa kushusha skrubu ya juu. Ila mimi nilinunua seti nzima, sikununua nusu ya seti na ushauri.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo 62 hata mimi naiheshimu. Fundi wa Berlin, Otto Bock, aliitoa 1905, ikawafaa sana walowezi na wawindaji wa makoloni ya Wajerumani Afrika, Tanganyika yetu ikiwemo, kwa sababu ilipigwa kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser na si zile za Kiingereza za mitutu miwili zenye bei ya shamba. Babu mzaa mama alibebea wawindaji bunduki upande wa Rufiji, pengine mojawapo ilipita begani kwake. Mpaka leo ina wateja wengi, ndiyo maana hata Lee, kampuni ya vifaa vya kujazia risasi, wanaitolea dai za bei nafuu. Ile 57 ni ganda la 8x57, risasi ya Mauser ya Kijerumani, lililopanuliwa mdomo, basi. Mimi maganda yangu nayatengeneza hivyohivyo, kwa kupanua ya 8x57. Ni ndugu na 62, sawa, lakini hata ndugu hawavai kiatu kimoja.

Sasa wanataka nirudishe mzigo kwa gharama yangu, na wakate asilimia 15. Yaani nilipie kosa lao mara mbili.

Msidhani ni mimi peke yangu. Shemeji yangu wa Houston ana bastola ya silinda ya Kiingereza, Enfield, inayotumia .38 S&W. Duka jingine kabisa likamuuzia seti ya .38 Special ya kabaidi (madini magumu kuliko chuma), "thelathini na nane ni thelathini na nane". Pete ya kabaidi ya Special imekatwa kwa ganda la kama inchi 0.379. Lake lina 0.386. Alikandamiza maganda kumi mpaka yakapata kiuno kama nyigu, na vichwa alivyouziwa pamoja ni vya 0.358 wakati bastola yake inataka 0.361. Na seti sahihi ya .38 S&W ipo, Lee wanayo, na si ghali! Alidanganywa bila hata sababu ya faida.

Haya, halafu kishikio cha ganda. Kile kidude kidogo kinachoshika kitako cha ganda kwenye presi. Kwa maganda yenye kitako kama cha .30-06, na hizi 9.3 zimo, Lee wanakiita namba 2, na kampuni nyingine, RCBS namba 3, Hornady namba 1. Kitako ni kilekile! Nani alikaa kikao cha kuamua hivi? Lee angalau huweka kishikio ndani ya boksi la dai. Wengi wengine unanunua pembeni, na ukikosea namba, mzigo mwingine, usafiri mwingine.

Najua atakuja mtu aseme nikachongeshe. Nimeulizia: dola 140, wakati seti ya kaliba ya kawaida naipata kwa 45. Hilo silalamikii, fundi akifunga lathi (mashine ya kuchongea chuma) kwa ajili ya wateja watatu lazima awatoze. Nalalamika juu ya anayenitoza kwa kunibahatisha.

Na za mitumba nimejaribu. Kwenye maonyesho ya silaha nilikuta boksi limeandikwa 9.3x57, ndani kuna dai ya kaliba nyingine, pini ya kutolea fataki haipo, na ganda la mtu limekwama humo tangu enzi za Nuhu. Tangu hapo siangalii boksi. Nadai picha ya maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, kisha picha ya tundu kwa tochi, maana kutu ya ndani itakukwaruzia kila ganda. Muuzaji akileta visingizio naondoka.

Kuna wakati "kitu kilekile" ni kweli, sikatai. Seti ya .32 H&R Magnum inafanya kazi kwenye .32 S&W Long, unarekebisha kimo tu, kwa sababu unene wa ganda ni mmoja. Lakini aliyenieleza hilo alitoa kalipa, kifaa cha kupimia unene, akapima mbele yangu. Huyu wa simu sidhani kama amewahi kushika ganda.

Nimeshafungua malalamiko benki kupitia kadi. Wakati nasubiri, mwenye seti ya 9.3x57, hata bila boksi, hata pini imevunjika, aje inbox. Nabadilishana na seti ya 9.3x62, mpya kabisa, imepitisha ganda moja tu, tena la kaliba nyingine.