Ushauri: choo cha soko kimefungwa na mtaro umeziba, tuanzie ofisi gani?

MamaMboga
Habari zenu, wanajukwaa, na wakubwa shikamooni. Ninauza mboga katika soko la manispaa moja ndogo ya Nyanda za Juu Kusini. Choo pekee cha soko kimefungwa tangu kiangazi kwa maelezo kwamba shimo limejaa, na kufuli la mlangoni limeshashika kutu. Akina mama wenye watoto mgongoni wanaomba choo kwenye nyumba za jirani, ambako wenyeji wameanza kuchoka. Mvua zilipoanza, mtaro wa barabarani nao uliziba, na sasa maji machafu yanafika hadi tunapopanga mchicha. Ushuru tunalipa kila siku na risiti ya mashine tunapewa. Mtendaji wa kata alituelekeza manispaa, na manispaa wakatuambia tusubiri bajeti. Tufanye nini kabla kipindupindu hakijatufikia?

Mkazi_wa_Kata
Pole sana, dada. Yatenganisheni mambo hayo mawili. Choo cha soko ni wajibu wa halmashauri, lakini barabara za mitaa pamoja na mitaro yake ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo mtaro uandikiwe barua yake kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa manispaa. Mkichanganya yote katika barua moja, mtazungushwa.

Kijana_Sokoni
Mimi nashauri mgome kulipa ushuru hadi choo kifunguliwe.

MstaafuTAMISEMI
Kijana wangu, hilo silikubali, kwa maana mkigoma mtashtakiwa ninyi na suala la choo litasahaulika. Mama, hilo jibu la bajeti msilipokee kirahisi. Ni kweli mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kujenga choo kipya kunahitaji kupitia mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza la Madiwani. Lakini kunyonya shimo lililojaa ni matengenezo ya kawaida, ambayo halmashauri inaweza kuyagharamia kwa mapato yake ya ndani, ukiwemo huo ushuru wenu. Mwiteni afisa afya wa kata akague na aandike taarifa, kwa kuwa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu, na taarifa yake ina uzito kuliko malalamiko ya mdomo. Mkitaka kujua soko linaingiza kiasi gani, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka mjibiwe ndani ya siku 30.

MamaMboga
Ahsante sana, mzee wangu. Barua isainiwe na nani, mwenyekiti wa soko peke yake?

MstaafuTAMISEMI
Asaini mwenyekiti na katibu, kisha mwambatishe orodha ya wafanyabiashara yenye majina, namba za meza na sahihi. Pelekeni nakala mbili masjala, moja ibaki kwao na nyingine mrudi nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Diwani naye apewe nakala mapema, ili aweze kuuliza swali barazani. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, hivyo wachache wenu waende wakasikilize jibu.