Mjadala: Je, cheti cha uenyeji kifutwe katika jimbo la Plateau, Nigeria?

Mleta hoja: Ndugu wachangiaji, naomba tuutazame mji wa Jos, makao makuu ya jimbo la Plateau katikati ya Nigeria, ambako mtu aliyezaliwa mjini humo, na baba yake na babu yake wakazaliwa humo humo, anaweza kwenda halmashauri kuomba cheti cha uenyeji, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni wa jamii ya asili ya hapo, akarudi mikono mitupu. Bila cheti hicho, ajira za jimbo na ufadhili wa masomo huwa ndoto. Wahausa wengi wa Jos huambiwa warudi kwao kaskazini wakakiombe huko, hata kama huko hawana hata shangazi wa kumpelekea salamu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 1999 kinakataza raia kubaguliwa kwa sababu ya asili yake. Mimi nasema cheti kifutwe, na kipimo kiwe ukaazi.

Mchangiaji wa kwanza: Tusiisome Katiba nusu nusu, ndugu yangu. Kifungu cha 147 kinamtaka Rais ateue kutoka kila jimbo angalau waziri mmoja ambaye ni mwenyeji wa jimbo hilo, na kifungu cha 318 kinamhesabu mtu kuwa wa jimbo ikiwa mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, alitoka katika jamii ya asili ya hapo. Uenyeji, basi, haukubuniwa na makarani wa Jos.

Kumbuka pia mji huo ulivyozaliwa. Waingereza walipofungua migodi ya bati mwanzoni mwa karne ya 20, vibarua walimiminika kutoka kila upande, Wahausa, Waigbo na Wayoruba, huku Mberom, mwenyeji wa asili wa hapo, akiachiwa mashimo yaliyojaa maji pale alipokuwa akilima acha, nafaka yenye punje ndogo kama mchanga. Plateau ina makabila zaidi ya 40, na mengi ni madogo. Waberom wana tamasha lao la Nzem Berom, lililounganisha sherehe za kale za kilimo na uwindaji. Ngoma ya kukaribisha mvua itachezwaje na watu wasio na shamba? Waanaguta ni wachache zaidi, na sehemu ya mji imesimama juu ya ardhi yao. Ukaazi ukiwa ndio kipimo, watamezwa kwa kura moja tu.

Mchangiaji wa pili: Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahausa wa Jos jembe walipewa zamani, tena na sururu ya mgodini. Walichonyimwa ni karatasi. Na karatasi hiyo imegharimu damu. Halmashauri ya Jos Kaskazini ilipoundwa mwaka 1991, wenyeji wa asili, yaani Waberom, Waafizere na Waanaguta, waliona kwamba Wahausa wamekatiwa eneo lao wenyewe. Uteuzi wa Mhausa kuiongoza ulizua ghasia mwaka 1994. Uteuzi mwingine, wa mratibu wa mpango wa kupunguza umaskini, ulitangulia mauaji ya Septemba 2001. Na mwaka 2008 kilichozua ghasia kikawa matokeo ya uchaguzi wa halmashauri hiyo hiyo. Kila mara kinachogombewa ni kiti na vinavyogawiwa kutoka kwenye kiti hicho, wala sijasikia watu wamepigana kwa ajili ya ngoma. Kwa nini tusivitenganishe? Utemi, matambiko na ardhi ya ukoo vibaki kwa wenyeji wa asili, lakini shule na ajira apewe yeyote aliyeishi na kulipa kodi hapo kwa miaka, tuseme, kumi.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo umenisogeza kidogo. Lakini Mberom aliyezaliwa Kano, jimbo la Wahausa huko kaskazini, naye hukataliwa cheti huko, na yeye hatajwi sana katika mijadala hii. Plateau ikifungua mlango peke yake, wenye wingi watapata pande zote mbili na wachache watapoteza pande zote mbili. Nitaukubali ukaazi wa miaka kumi siku ambayo Kano nayo itaukubali, kwa sheria moja ya shirikisho.

Mleta hoja: Sheria hiyo naiunga mkono. Ila mtoto anayeomba nafasi ya chuo mwaka huu, tumwambie aisubiri Kano?