XFCE, MATE au LXQt kwa AlmaLinux 9 ya ofisini?

Fundi_Makupa
Salaam aleikum wakuu. Ofisi ya klaringi hapa kisiwani ina mashine kumi na mbili za mtumba: i5 kizazi cha 3, RAM GB 4. Bosi ataka zote ziwe AlmaLinux (Linux ya bure inayofuata RHEL, ile ya kampuni ya Red Hat), sawa na seva yetu, ili masasisho yafanywe kwa njia moja. Niliweka toleo la 9 na GNOME yake (eneo-kazi, yaani sura ya madirisha na menyu). Karani akifungua brauza pamoja na jedwali la hesabu, feni yalia kama boti na mausi yaganda. Kati ya maeneo-kazi mepesi, XFCE, MATE na LXQt, ninyi mwatumia lipi?

MtuWaLikoni
XFCE. Washa EPEL na CRB (hazina za programu za ziada), kisha:

`sudo dnf groupinstall "Xfce"`

Ukitoka, chagua Xfce kwenye kigurudumu kidogo pale pa kuingilia, la sivyo itakurudisha GNOME na utadhani hakuna kilichobadilika (yalinipata). Kwa kadi za picha za zamani hizo, zima na kompozita (inayochora vivuli na uwazi wa madirisha). Kuna duka la vipuri nililowekea hivyo, mwaka wa tatu huu naitwa kwa sababu ya printa tu. Na wanaosema XFCE ni ya kuchezea wajue Olivier Fourdan, aliyeianzisha mwaka 1996, ni mtu wa Red Hat.

Bi_Kizingo
Nyepesi ndiyo, lakini kingo za madirisha yake! Nyembamba kama uzi, ukitaka kupanua dirisha wavizia kama mvuvi. Mimi ni MATE. Ndiyo ile GNOME 2 iliyonusuriwa mwaka 2011, na wahasibu wetu walikulia CentOS 6 (Linux ya zamani yenye GNOME 2 hiyo), kwa hiyo siku ya kwanza hakuna aliyeniuliza menyu iko wapi. Kwangu hilo lashinda megabaiti. AlmaLinux 9 ina diski za majaribio za MATE na XFCE pia. Choma kwenye flashi, makarani wajaribu kabla hujafuta kitu.

Nahodha_Swopu
LXQt ndiyo nyepesi kuliko zote hizo, nimeitumia. Lakini RAM utakayookoa hapo, brauza itaimeza kwa vichupo viwili. Mwabishana kuhusu mkeka na nyumba yavuja, jamani. Nunua DDR3 zifike GB 8, toa diski za kuzunguka uweke SSD, kisha hata MATE itakimbia.

Fundi_Makupa
Bosi amesikia kuna toleo la 10, asema tungoje tuhamie huko moja kwa moja.

MtuWaLikoni
Mwambie asithubutu kwa mashine hizo. RHEL 10 ya Mei 2025 yataka prosesa ya x86-64-v3, yaani yenye maagizo ya AVX2, na Intel ilianza kuyaweka kwenye Haswell (kizazi cha 4) mwaka 2013. Kizazi cha 3 hakina hayo.

Nahodha_Swopu
AlmaLinux wana toleo la pembeni la v2, la prosesa za zamani, hilo litawaka. Tatizo ni kwamba seva ya Xorg (mfumo wa zamani wa kuchora skrini) imeondolewa kwenye 10, imebaki Wayland, mrithi wake, na Xwayland ya kuendeshea programu za zamani. XFCE 4.20 ndiyo kwanza yajaribu Wayland. Kwa 9 una masasisho ya usalama hadi 2032, na hizo i5 zitakuwa zimeshakufa kwa chumvi ya bahari.

Bi_Kizingo
Kuna mtu atakayeingia kutoka nyumbani kwa xrdp (programu ya kutumia kompyuta kwa mbali)? Kama yuko, huyo mpe XFCE. Hapo nakubali kushindwa.

Fundi_Makupa
Nimerudi. Nilizindua flashi mbili, makarani wakachagua MATE, na mmoja akasema "hii ndiyo kompyuta, ile nyingine ilikuwa simu kubwa." Mhasibu wa nyumbani ana XFCE kwa xrdp, hajalalamika. Ila bosi amelipia RAM ya mashine sita tu. Hizo sita nyingine nifanyeje?

Nahodha_Swopu
Zram. Yabana kurasa za kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe badala ya kwenda diskini:

`sudo dnf install zram-generator`

Kisha andika mstari mmoja, `[zram0]`, kwenye `/etc/systemd/zram-generator.conf`, uwashe upya. Ukipiga `swapon` utaiona. Na makarani wafunge vichupo!

Fundi_Makupa
Imeonekana. Vichupo, mwambie bosi mwenyewe, ana thelathini.