Tupeane uzoefu: Takataka za nyumba yako hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anazibeba nani, na nani alimchagua?

Mama Furaha (Ibanda)

Wapendwa, salamu. Jumamosi iliyopita, wakati wa salongo (kazi ya pamoja ya usafi), niliokota daftari la hesabu la mtoto wangu ndani ya mtaro unaoshuka kwenye mto Kahwa. Jina lake lilikuwa bado linasomeka kwenye jalada. Daftari hilo nililitia mwenyewe kwenye pubeli (pipa la taka) wiki mbili kabla, na pubeli yetu inabebwa na vijana ninaowalipa faranga 1,000 kwa kila gunia.

Vijana hao niliwachagua mimi. Kabla yao shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alituletea chama cha kubeba taka, dola 3 kwa mwezi. Gari lilipita mara mbili tukaacha kuliona, ila mwenye risiti hakukosa kupita. Nikasema basi, pesa ni yangu, nitatafuta mtu wangu. Miaka minne nimeona uwanja wangu safi nikajua nimefanya vizuri. Kumbe muda wote huo nilikuwa nalipa ili uchafu uondoke machoni pangu tu, uende kwa watu wa bondeni.

Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, ile inayopanga miji na komini zetu (sehemu za mji zenye uongozi wake), inahesabu usafi kati ya kazi za mji na komini. Hilo liko kwenye karatasi. Kwenye avenyu yetu, kila parseli (kiwanja chenye nyumba) inajipanga yenyewe.

Naomba mtueleze kwenu: mtu wa taka aliletwa na komini au mlimtafuta wenyewe? Mnalipa ngapi? Na je, unajua taka zako zinaishia wapi? Majina ya vyama na ya viongozi tuyaache.

Baba Espoir (Cimpunda, Kadutu)

Mama Furaha, pole sana kwa hilo daftari. Kwetu ni kinyume. Sisi tuliletewa mtu, na kumkataa haiwezekani.

Anayejua Cimpunda anajua hakuna gari linalofika mlangoni. Nyumba zimeshikana, njia ni ngazi za udongo, na mvua ikinyesha hata mtu mwenye miguu mizuri anateleza. Gari linasimama chini barabarani na kupiga honi. Mtoto abebe gunia ashuke mbio, akifika gari limeondoka, apande nalo tena. Mwisho wa mwezi tunadaiwa kama wale wanaokaa kando ya lami. Nilimwambia shefu: niache nimlipe kijana wa hapa juu, anapanda na kushuka milima hii kila siku. Akanijibu orodha imetoka juu, hawezi kuibadilisha. Nimelipa miezi saba. Katika hiyo saba, gunia langu limeingia kwenye gari labda mara tano.

Kwa hiyo mtu akiniambia komini ishike kila kitu, namuuliza kwanza: nikiona kazi haifanyiki, nitalalamika wapi?

Mwenye parseli (Nyamugo)

Mimi nina wapangaji, familia sita. Nne zinalipa taka, mbili zinasema hazina taka. Hazina taka namna gani, na kila jioni wanapika?

Nilikuja kujua siku moja mvua kubwa ilipoanza usiku. Mlango ukafunguliwa polepole, mtu akatoka na ndoo, akamwaga kwenye mtaro, maji yakabeba. Baada ya dakika chache mlango wa pili. Na siyo wao peke yao: simama dirishani siku ya mvua uangalie avenyu nzima, utaona watu wanatoka mmoja mmoja na ndoo na mifuko. Kwetu mvua ndiyo gari la taka lisilodai mtu. Asubuhi mtaro umeziba, maji yameingia kwa jirani wa chini, na yule jirani ni mmoja wa wanaolipa. Nimekaa na mama huyo akiniambia godoro la watoto limelowa. Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana siamini tena neno la kila mtu achague. Wapo wanaochagua kutolipa, na anayeumia ni mwingine.

Kibarua wa ziwani

Niongeze hapo, kwa sababu nimefanya kibarua cha kutoa plastiki majini.

Yanayomwagwa kwenye mitaro yanaingia mtoni, mto unaingia ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutoka, nao ni mto Ruzizi, hapa hapa Bukavu. Kwa hiyo chupa na mifuko inasukumwa polepole mpaka bwawa la umeme la Ruzizi I, lile lililojengwa wakati wa Wabelgiji, mwisho wa miaka ya 1950. Pale vinakusanyika mpaka mtu asiyejua anaweza kudhani ni nchi kavu. Vinapofika kwenye mitambo inabidi isimamishwe isafishwe, na umeme unakatika. Tunalia delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu) wakati sehemu yake tumeitupa wenyewe kwenye mtaro.

Nimetoa chupa, viatu, wanasesere, hata godoro. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki nchi nzima. Nenda soko la Kadutu leo ununue nyanya, uone utabebeshwa ndani ya nini.

Mbeba taka (hakutaja avenyu)

Nimesoma toka juu. Mimi ni mmoja wa hao vijana, labda siyo wa kwako mama, lakini kazi ni ile ile.

Faranga 1,000 kwa gunia, nabeba mgongoni. Mahali panaporuhusiwa kumwaga ni mbali. Nikilipa pikipiki kwa gunia moja, pesa yote imeisha na mimi sijala. Kwa hiyo ndiyo, nimemwaga korongoni, usiku, siyo mara moja. Sijisikii vizuri kuandika hivi. Mama yangu mwenyewe anakaa chini ya korongo.

Lakini kuna avenyu moja parseli tano zilikubaliana zitoe taka siku moja. Magunia yakawa mengi, tukakodi pikipiki ya magurudumu matatu, tukapeleka mpaka panapotakiwa, na kila mmoja wetu akabaki na kitu mfukoni. Iliendelea miezi mitatu. Parseli mbili zikajitoa, hesabu ikafa.

Miaka yote hii hakuna mteja aliyewahi kuniuliza: kijana, unapeleka wapi? Wewe mama ndiye wa kwanza ninayemsikia.

Dada wa Majengo (Goma)

Sisi Goma hata kuchimba shimo la taka uani ni shida. Chini ni jiwe la volkano, na Nyiragongo imetumwagia tena mwaka 2002 na 2021. Usipolipa mtu, taka unalala nazo.

Kwenye avenyu yetu tulifanya hivi: kulipa ni lazima kwa kila parseli, lakini mbebaji unajichagulia mwenyewe kati ya watatu waliokubaliwa kwenye kikao. Kila mwezi unamwonyesha mkubwa wa nyumba kumi risiti. Mbebaji akionekana anamwaga njiani, anatolewa kwenye orodha. Mmoja tulishamtoa. Siyo kwamba pote ni pasafi, lakini kugombana kumepungua.

Mtoto wa Bukavu (Saint Paul, Marekani)

Mtashangaa, jambo hili lilitikisa mji ninaoishi. Nilipofika hapa Saint Paul, jimbo la Minnesota, kila nyumba ilikuwa inajichagulia kampuni. Uchochoro mmoja, magari ya kampuni tofauti, nyumba hii inalipa hivi na jirani anailipa kampuni nyingine bei nyingine. Oktoba 2018 mji ukapanga upya: makampuni yakagawiwa maeneo, na nyumba ndogo zote, mpaka zile za familia nne, zikalazimika kuwa na pipa na kulipa.

Watu walikasirika kweli. Wengine walisema taka zao ni kidogo, walikuwa wanatumia pipa moja na jirani, kwa nini walipie pipa zima? Kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, ikaamriwa watu wapige kura. Novemba 2019 wengi wakachagua mpango ubaki. Mimi ninachokumbuka ni kwamba waliokataa walipata mahali pa kusemea. Ndicho anachokosa Baba Espoir.

Mwalimu (Bagira)

Hao wa Marekani wenye taka kidogo mimi nawaelewa. Taka za nyumbani kwangu karibu zote ni maganda ya ndizi na viazi, majani ya sombe (kisamvu), jivu. Vyote vinaingia kwenye migomba yangu. Kinachobaki ni mfuko mdogo kwa mwezi. Nilipe sawa na nyumba yenye duka? Na mama anayeuza ndagala (dagaa) kwa kupima kikombe, hizo dola 3 mnataka azitoe wapi? Mkisema lazima, semeni pia nani atamlipia.

Mama Furaha (Ibanda)

Asanteni wote. Kijana mbeba taka, nimelisoma neno lako mara mbili. Nami nimewauliza wale wa kwangu, wamekubali walichofanya.

Nimezunguka parseli nane za avenyu yetu. Sita zimekubali Alhamisi iwe siku moja, na gharama ya pikipiki ya magurudumu matatu tugawane kwa magunia, siyo kwa nyumba. Mwalimu, hilo la kulipa kwa gunia limetoka kwako. Safari ya kwanza nilipanda nikaenda nayo, nikaona kwa macho zinapomwagwa.

Mbili zimekataa. Moja ni ya mjane anayeuza makala ya kupikia (makaa), yake tutaibeba sisi wengine. Ya pili ina magari mawili uani, na baba mwenyewe ananiambia taka zake hazinihusu. Jumapili namrudia pamoja na shefu wa avenyu. Aliyewahi kukaa na mtu wa namna hiyo mpaka akakubali, naomba aniandikie hapa kabla ya Jumapili alianzaje.