Naomba ushauri: igizo la Siku ya Wauguzi

Wakuu, nasoma uuguzi mwaka wa pili, na darasa limenitwika igizo la Mei 12. Wenzangu wanamtaka muuguzi Mwingereza Florence Nightingale tu, na taa yake, akipita usiku kati ya majeruhi kule Scutari, hospitali ya jeshi la Waingereza huko Uturuki wakati wa Vita vya Krimea, 1854. Sawa, ila roho yangu iko kwa Mary Seacole, mama wa Jamaika aliyeomba kwenda kuuguza askari akakataliwa London, akajilipia nauli hadi Krimea, akawapikia askari na kuwafunga vidonda karibu na Balaklava. Nina dakika 15, shuka nne na chemli ya bibi (utambi umeisha). Niwaweke wote wawili? Na ile mifereji ya maji machafu chini ya hospitali ya Scutari, iliyosafishwa 1855 vifo vikapungua, jukwaani naionyeshaje?